Kodi ya Kichwa na Kodi ya Karatasi

Bwana wetu hakuona haya kukaa pamoja na watoza kodi. Matayo alimwita toka mezani pake pa ushuru, akamfanya mtume. Zakayo wa Yeriko alimshusha mtini, akaingia nyumbani mwake. Na siku ile Zakayo aliahidi kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Watu wa zamani zile waliwachukia watoza kodi kwa sababu waliona kazi yao kwa macho: mtoza kodi alisimama njiani, akafungua mzigo, akahesabu, akachukua.

Lakini iko mali nyingine isiyofunguliwa njiani. Si mbuzi, si gunia la mahindi, si shaba kichwani mwa mpagazi. Ni karatasi: hisa ya kampani, deni, mkataba, ahadi ya kulipa. Mali ya namna hiyo hubadilishwa jina asubuhi na kuhamishwa nchi jioni, na jirani asione kitu. Je, sheria inawezaje kuitoza kodi?

Ili tusipotee katika swali hilo, tutafuata kitu kimoja ambacho sisi sote tunakijua, yaani shaba ya Katanga. Tutaona kwamba kodi ya maskini ilihesabiwa kwa kichwa, na kichwa hakifichiki. Lakini kodi ya mali kubwa ilitegemea jina lililoandikwa katika karatasi, na mahali karatasi ilipowekwa. Tutaona pia jinsi sheria ilivyojifunza, polepole na kwa hasara, kutazama nyuma ya karatasi.

I. Mulambu wa mababu

Kabla ya Wazungu kufika, mababu zetu walikwisha kuyeyusha shaba na kuitengeneza kwa umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa mali ya kununulia na kulipia mahari, na wataalamu wameikuta hata makaburini, huko Sanga, katika bonde la Upemba. Wachimbaji na wakulima walimpelekea mfalme wao sehemu ya mapato. Waluba waliita sehemu hiyo mulambu.

Huko Bunkeya alitawala Msiri, mtu ambaye jamaa yake ilitoka mashariki, upande wa Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Watu walimletea pembe za tembo, shaba na chumvi. Utawala wake ulikuwa mgumu, wala hatupaswi kuusifu kupita kiasi. Lakini kodi yake ilikuwa wazi: mtu aliyetoa alijua alichotoa, na aliyepokea alionekana akipokea.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati wa msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Mwaka ule ule Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum. Humo alifundisha kwamba dola haina ruhusa ya kukausha mali ya watu kwa kodi zinazopita kiasi. Katika Kongo ya miaka ile fundisho hilo halikusikilizwa.

II. Kodi ya mikono

Dola la Leopold II lilidumu toka 1885 hadi 1908. Mtu wa kijijini hakuwa na franka. Basi alitozwa kodi ya mikono yake: kuleta mpira wa mwituni, kuleta chakula, kubeba mizigo, kupiga makasia. Wazee wetu walimwita mtawala yule Bula Matari, na jina hilo lilitajwa kwa hofu.

Hapa tuangalie jambo moja ambalo wengi hawalitaji. Sehemu kubwa za nchi zilikabidhiwa kampani, na moja ya kampani hizo ni ABIR, iliyoanza mwaka 1892. Kampani hiyo ilipewa haki ya kukusanya mpira kama kodi. Dola lenyewe lilikuwa na hisa katika ABIR. Basi kile kilichotoka kijijini kwa jina la kodi kilifika Antwerp kikauzwa kwa jina la bidhaa, na faida yake ikagawiwa wenye hisa, dola likiwa mmoja wao. Mpira ni ule ule; majina ni matatu: kodi, bidhaa, faida. Ndivyo ilivyoonekana katika nchi yetu kwamba mali inaweza kubadili jina njiani, na kila jina lina sheria yake.

Tarehe 18 Novemba 1903 ilitoka amri iliyosema kwamba kazi ya kodi isipite saa 40 kwa mwezi. Karatasini, amri ile ilikuwa ya huruma. Lakini Tume ya uchunguzi iliyopita katika Kongo ikatoa taarifa yake mwaka 1905, ikasema kwamba kipimo kile hakikufuatwa, na kwamba mtu wa mpira alipoteza siku nyingi sana porini mbali na nyumba yake. Sheria ilisema saa. Mwenye kampani alipima kilo.

Ubelgiji uliitwaa Kongo tarehe 15 Novemba 1908. Mwaka 1910 ililetwa kodi mpya ya fedha: kodi ya kichwa. Kila mwanaume mzima alilipa, na mwenye wake wengi aliongezewa kodi kwa ajili ya wale waliozidi mmoja. Lakini franka zitoke wapi? Zilikuwa katika kazi ya Mzungu. Mwaka ule ule wa 1910 reli ilifika Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya tanuri mpya ilimiminwa. Vijana wengi walikwenda mgodini si kwa kupenda shaba, bali kwa kutafuta fedha ya kodi. Hivyo kodi ya kichwa ilifanya kazi mbili: ilijaza sanduku la serikali, na ilipeleka mikono mgodini.

III. Mali inakuwa karatasi

Sasa tutoke kijijini, tuingie katika ofisi. Mwaka 1900 iliundwa Halmashauri maalumu ya Katanga, iliyojulikana kwa herufi CSK, ili kuitawala ardhi na madini ya Katanga. Faida yake iligawanywa mafungu matatu: mawili ya dola, na moja la Kampani ya Katanga. Mwaka 1906 CSK, pamoja na Waingereza wa Tanganyika Concessions na benki kubwa ya Ubelgiji iitwayo Société Générale, iliunda Union Minière du Haut-Katanga.

Serikali ya koloni ilipokea mali ya shaba kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni ushuru wa shaba inayotoka nchini. Wa pili ni kodi juu ya faida. Wa tatu ni faida iliyogawiwa serikali kama mwenye hisa, kwa njia ya CSK. Milango mitatu ni mizuri, lakini kila mlango unahitaji mlinzi anayejua kusoma hesabu. Kodi ya kichwa ilikuwa na mlango mmoja tu, na aliyelipa hakuwa na pa kutokea.

Labda msomaji anauliza: hisa ni nini, na kwa nini jina lake lina nguvu hivyo? Tutoe mfano wa mashine ya kusaga mahindi. Petro, Yosefu na Maria wanatoa fedha sawa, wananunua mashine. Kila mmoja ana hisa moja. Mwisho wa mwaka, baada ya kulipa mafuta na mfanyakazi, imebaki faida ya franka 300. Kodi ni 30 kwa mia. Serikali inachukua 90, na wao watatu wanagawana 210.

Lakini Petro ni mjanja. Mwaka unaofuata anasema: «Fedha yangu si hisa tena. Ni mkopo. Mashine itanilipa riba ya franka 200 kila mwaka.» Wenzake wanakubali, kwa kuwa pembeni wamepatana jinsi watakavyogawana fedha hiyo. Basi katika daftari riba inahesabiwa kama gharama, sawa na mafuta. Faida inayobaki ni 100 tu, na kodi yake ni 30. Mahindi ni yale yale, mashine ni ile ile, fedha ni ile ile. Neno moja limebadilika, toka hisa kuwa mkopo, na serikali imepoteza franka 60, isipokuwa sheria imejua kuikamata riba yenyewe.

Petro hakuiba kwa mkono. Hakuficha gunia. Aliandika tu. Basi, je, hakimu atazame maandishi, ama atazame jambo lenyewe?

IV. Kampani ya siku sita na mtunza bustani wa mtemi

Swali hilo lilifika mbele ya waamuzi wa nchi nyingine katika miaka ile ambayo Union Minière ilikuwa inakua. Tutaje mashauri mawili, kwa maana yametumika kama mafundisho hata leo.

La kwanza ni la Marekani. Bibi mmoja, Gregory, alikuwa na kampani yake, na ndani ya kampani hiyo zilikuwamo hisa za kampani nyingine zenye thamani kubwa. Kama angezitoa moja kwa moja, zingehesabiwa kuwa faida iliyogawiwa, na kodi yake ilikuwa kali. Basi mwezi wa Septemba 1928 iliundwa kampani mpya. Hisa zikahamishiwa humo. Kisha kampani mpya ikavunjwa, na hisa zikaangukia mikononi mwa bibi yule, naye akaziuza. Kampani ile iliishi siku sita tu. Sheria ilisema kwamba kampani zikipangwa upya, kodi ile kali hailipwi. Kila herufi ya sheria ilifuatwa. Lakini mwaka 1935 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa. Ilisema kwa maana hii: kampani ile haikufanya kazi yoyote, ilikuwa daraja la kupitishia hisa, na daraja likavunjwa baada ya kuvuka. Bibi akalipa.

La pili ni la Uingereza, karibu na wakati ule ule. Duke wa Westminster, mtemi tajiri sana, alikuwa na mtunza bustani. Mshahara wa mtumishi wa nyumbani haukupunguzwa katika hesabu ya kodi ya bwana wake. Lakini malipo ya mwaka yaliyoahidiwa kwa mkataba wa muhuri yalipunguzwa. Basi Duke akatia sahihi mkataba kama huo kwa mtumishi wake. Mtumishi aliendelea kulima maua yale yale na kupokea fedha ile ile. Waamuzi wakuu wa Uingereza walimpa Duke haki: waliona kwamba karatasi ni halali, na kwamba kila mtu ana ruhusa ya kupanga mambo yake ili kodi ipungue.

Tazameni sasa njia mbili. Marekani ilitazama jambo. Uingereza ilitazama karatasi. Hata Waingereza walianza kugeuka mwaka 1981, katika shauri la kampani iitwayo Ramsay, wakasema kwamba karatasi nyingi zilizofungwa pamoja kwa shabaha moja zisomwe kama karatasi moja. Ilichukua miaka karibu 50. Kwa nchi yenye hazina kubwa hiyo ni hasara inayovumilika. Kwa nchi changa, miaka 50 ni maisha ya watu wazima wote waliozaliwa siku ya uhuru.

V. Siku tatu kabla ya uhuru

Kongo ilikutana na nguvu ya karatasi mwaka 1960. Mwezi wa Juni, uhuru ukiwa mlangoni, Ubelgiji ulitoa sheria iliyoziruhusu kampani za koloni kuchagua uraia wa Kibelgiji. Migodi haikusogea hata hatua moja. Matanuri yaliendelea kuwaka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Lakini kampani iliweza kuhamisha makao yake kwa sahihi, na pamoja na makao huhama sheria inayoitawala. Kisha tarehe 27 Juni 1960, siku tatu kabla ya bendera mpya kupandishwa, CSK ilivunjwa. Nguvu ya kura ambayo dola ilikuwa nayo katika Union Minière kwa njia ya CSK ikadhoofika kabla serikali mpya haijaketi kitini.

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga. Union Minière ilipeleka kodi na ushuru wake kwa serikali ya Katanga, si Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mpaka kujitenga kulipokoma, Januari 1963, damu nyingi ilikwisha kumwagika. Historia ya vita ile ina mambo mengi, lakini nani atapokea kodi ya shaba lilikuwa mojawapo ya mambo makubwa.

Baadaye yalifuata mashindano ya mikataba. Novemba 1964 serikali ya Tshombe ilitangaza kurudisha mikononi mwa Kongo haki na hisa zilizokuwa za koloni. Februari 1965 ikapatana na Ubelgiji huko Brussels. Mwishoni mwa 1966 serikali ya Mobutu iliichukua mali ya Union Minière, na mwaka 1967 ikazaliwa Gécomin, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Lakini mwaka 1969 ulifanywa mkataba mwingine: kampani ya Kibelgiji iliyouza madini na kutoa mafundi itapewa 6 kwa mia ya thamani ya mazao kwa miaka 15. Katika malipo hayo kazi ya ufundi na fidia ya mali iliyochukuliwa vilifungwa katika kifurushi kimoja. Kwa mara nyingine msomaji aone nguvu ya jina: mwananchi aliambiwa kwamba mgodi umekuwa wake, na katika daftari sehemu ya kila tani iliendelea kwenda ng'ambo.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Gécamines ilichimba zaidi ya tani 470,000 za shaba katika mwaka mmoja wa miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 mazao yalikuwa chini ya tani 30,000. Fedha zilitolewa kwa matumizi ya wakubwa, na vyombo havikutengenezwa. Wahenga wa pwani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

VI. Shaba inauzwa kwa ndugu

Mwaka 2002 Kongo ilipata Sheria mpya ya Madini, iliyotayarishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita, ikataka kuwavuta wenye fedha. Basi mrabaha, yaani fungu la mwenye ardhi juu ya madini yanayouzwa, uliwekwa 2 kwa mia kwa shaba, tena baada ya kutoa gharama za usafiri, upimaji, bima na uuzaji. Kodi ya faida ilikuwa 30 kwa mia. Kampani ziliahidiwa kwamba hata sheria ikibadilika, hazitaguswa kwa miaka 10.

Fedha zilikuja kweli, na shaba ikaongezeka. Lakini ujanja wa Petro wa mashine ya kusaga ulikuja pia, kwa kipimo kikubwa. Kampani moja kubwa inaweza kuwa na mabinti katika nchi nyingi: binti wa kuchimba yuko Katanga, binti wa kuuza yuko Uswisi, binti wa kukopesha yuko kisiwani ambako kodi ni ndogo au haipo. Mama anaweza kumwambia binti wa kuchimba: «Mwuzie dada yako kwa bei ya chini.» Faida inapungua mahali penye kodi, inaongezeka mahali pasipo kodi.

Majirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, walilipeleka jambo hilo mahakamani. Ofisi ya kodi ya Zambia ilisema kwamba mgodi wa Mopani uliuza shaba kwa kampani ya ndugu yake, Glencore, chini ya bei ya soko. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Zambia iliipa ofisi ya kodi haki. Kanuni yake ni rahisi, na mama yeyote wa soko anaielewa: ukimwuzia dada yako, bei ya kodi ihesabiwe kama umemwuzia mgeni. Lakini tuone pia muda: shauri lilihusu mauzo ya miaka 2006 hadi 2009. Haki ilifika, lakini ilifika ikichechemea.

VII. Mgodi uliouzwa bila jiwe kusogea

Liko jambo gumu zaidi. Fungurume, katika mkoa wa Lualaba, kuna mgodi mkubwa wa shaba na kobalti, Tenke Fungurume. Gécamines ilikuwa na hisa 20 kwa mia; zilizobaki zilishikwa na kampani iliyoandikishwa Bermuda, kisiwa cha bahari ya Atlantiki. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan ya Marekani iliuza fungu lake kwa kampani ya Kichina, China Molybdenum, kwa dola bilioni 2.65. Kilichouzwa katika karatasi si mgodi wa Fungurume. Ni hisa za kampani ya Bermuda. Kwa hiyo swali likazuka: je, kitu kimeuzwa Kongo, au kimeuzwa Bermuda? Gécamines ililalamika kwamba haki zake hazikuheshimiwa, ikataka waamuzi wa kimataifa. Mapatano yalifikiwa Januari 2017.

Kongo haikuwa peke yake. Mwaka 2010 huko Uganda kampani ya Heritage iliuza haki zake za mafuta ya Ziwa Albert kwa kampani ya Tullow, kwa dola karibu bilioni moja na nusu. Uganda ilidai kodi ya zaidi ya dola milioni 400 juu ya faida ya uuzaji huo. Ugomvi ulifika hadi mbele ya waamuzi wa London, na mwishoni Uganda ilipata haki yake. India haikubahatika hivyo. Mwaka 2007 Vodafone ilinunua biashara ya simu ya India kwa kununua kampani moja ya visiwa vya Cayman. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya India ilisema sheria iliyopo haitozi uuzaji huo. Bunge likabadili sheria na kuirudisha nyuma ili iyakamate mambo yaliyopita. Mwaka 2020 waamuzi wa kimataifa walisema jambo hilo si la haki, na mwaka 2021 India yenyewe iliifuta sheria ile ya kurudi nyuma.

Tunajifunza nini? Kwamba sheria ya kodi lazima iseme waziwazi kabla ya mauzo. Anayefunga zizi baada ya ng'ombe kutoka hapati maziwa, anapata kesi.

VIII. Sheria ya 2018 na sisi wa parokiani

Tarehe 9 Machi 2018 Sheria ya Madini ilibadilishwa. Mrabaha wa shaba ulipanda toka 2 hadi 3.5 kwa mia, na wa madini yatakayotangazwa kuwa ya maana kuu ukawekwa 10 kwa mia; mwaka ule ule kobalti iliingizwa katika hayo. Mrabaha unahesabiwa sasa juu ya thamani kamili ya uuzaji, bila kutoa gharama zile za zamani. Faida ya kuuza hisa za kampani ya mgodi iliwekewa kodi. Bei ikipanda kupita kiasi kilichokadiriwa, faida ya ziada inatozwa 50 kwa mia. Na ile ahadi ya miaka 10 ilipunguzwa kuwa miaka 5.

Lakini sehemu inayotugusa zaidi ni ugawanyaji wa mrabaha. Sheria inasema: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa wilaya, sekta au utemi ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampani inapaswa kutenga angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoizunguka. Basi mkristu wa Fungurume au wa Kolwezi asiseme tena kwamba hesabu za shaba ni mambo ya Brussels au ya Kinshasa. Lile fungu la 15 lina jina la mahali anapoishi. Ana haki ya kuuliza: lilifika? Lini? Lilifanya nini? Barabara iko wapi, zahanati iko wapi?

Kuuliza hivyo si uasi. Bwana wetu aliwaambia waliomjaribu wamrudishie Kaisari kilicho cha Kaisari. Lakini kwanza aliomba aonyeshwe sarafu. Alitaka ionekane mbele ya wote. Mwaka 1961 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika Mater et Magistra, alifundisha kwamba mzigo wa kodi upimwe kwa uwezo wa mwenye kuubeba. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwakemea wale wanaokwepa kwa hila kodi za haki na madeni yao kwa jamii. Mtaguso haukutofautisha hila ya gunia na hila ya karatasi. Maaskofu wa nchi yetu nao wameunda tume ya kuangalia mambo ya maliasili, kwa maana wameona kwamba umaskini wa waamini na hesabu za migodi ni jambo moja.

Yako basi mambo matatu ya kufanya. La kwanza, sisi wenyewe tulipe kwa haki kodi yetu, ya duka na ya nyumba, maana anayemdanganya mtoza kodi mdogo hana kinywa cha kumshtaki mwizi mkubwa. La pili, tudai hesabu zisomwe hadharani, kwa lugha tunayoielewa. La tatu, tuwapeleke vijana wetu kujifunza uhasibu na sheria. Kwa miaka mingi tuliomba mapadri, walimu na waganga, na Mungu alitupa. Tumwombe sasa pia wahasibu waaminifu na wanasheria wenye dhamiri.

Mababu zetu walilipa kwa mabega, kwa mpira na kwa vichwa vyao, na hakuna aliyeweza kubadili jina la jasho lake. Haki inataka kwamba aliye na hisa Bermuda apimwe kwa kipimo kile kile cha aliyekuwa na shoka tu kijijini: kwa kile alicho nacho kweli, si kwa jina alilokipa.